Mwenyewe Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, siku ya kwanza nilipokwenda kununua nondo, mwenye duka alinitazama mimi, akatazama mlangoni nyuma yangu, kisha akauliza: "Mama, mwenyewe yuko wapi?" Na mimi nikageuka kutazama mlangoni, maana nilidhani kuna mtu kaingia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jua na mbuzi wawili.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na dereva wa lori la mchanga, na fundi, na saidia fundi, na mwenyekiti wa mtaa, na hata mama mmoja muuza maandazi ambaye hakuwa na haja yoyote ya kujua. Mwaka mzima na ushei nimelijibu kwa upole: "Yuko kazini." Leo nataka kulijibu hadharani, na ule upole nimeuacha nyumbani.

Mimi ni mke wa mwanajeshi. Mume wangu, Baba Neema, yumo katika Jeshi la Wananchi, na mabegani kwake hakuna nyota. Nalitaja hilo usije ukadhani naandika habari za wakubwa. Tulikuwa tunakaa kota za kambi moja kule kaskazini, mkoa wa Arusha. Kota ni nyumba nzuri kwa mtu anayekumbuka kwamba si yake. Ukipigilia msumari ukutani unajua iko siku utaung'oa na kuziba tundu. Ndiyo maana kila mke wa askari mwenye akili zake anaota kitu kimoja: kiwanja. Sisi tulipata cha kwetu pembeni mwa mji wa Morogoro. Tulikinunua kwa mkopo wake na kwa fedha yangu ya kuku, tukasema hapa ni katikati ya nchi, popote atakapopelekwa hapatakuwa mbali sana.

Msingi tuliumwaga pamoja, yeye akiwa likizo. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, barua ikaja.

Hebu nikueleze barua ya uhamisho ilivyo. Ni karatasi moja, na ina jina moja. Fulani, namba fulani, cheo fulani, aripoti mahali fulani tarehe fulani. Haisemi: pamoja na mkewe, mwenye kuku 140 na deni la kikoba. Haisemi: pamoja na Neema wa darasa la nne, ambaye ndiyo kwanza amepata mwalimu anayemwelewa, na mdogo wake mwenye pumu na kadi ya kliniki. Wala haisemi: pamoja na boma lisilo na paa huko Morogoro, na masika hayo yanakuja. Karatasi imemhamisha mtu mmoja. Wengine wote tumehama kwa miguu yetu, bila kuandikwa.

Naomba nieleweke. Amri ni amri, siilalamikii. Nilijua naolewa na nani. Baba Neema alifunga begi, akatangulia kusini, mkoa wa Ruvuma. Wiki mbili baadaye wakaingia porini mazoezini, na simu yake ikawa ni ya kubahatisha: leo unampata dakika tatu, kisha kimya siku ishirini.

Basi nikabaki mimi. Nilikabidhi kota: balbu zikahesabiwa, vioo vikahesabiwa, bomba likafunguliwa na kufungwa mbele ya mkaguzi. Nilifuatilia uhamisho wa shule. Niliuza kuku kwa bei ya hasara, maana mnunuzi akishajua lori lako linaondoka Ijumaa, yeye Jumatano hana haraka. Nililipa kikoba. Na kila usiku, watoto wakishalala, nilikaa jikoni nikijenga nyumba kwa simu.

Kujenga kwa simu, jamani, ni shule isiyotoa cheti. Sikuwa najua kwamba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, fundi mwaminifu akitoa tofali 35 za inchi sita amejitahidi. Yule wangu alitoa 52, halafu akanipongeza kwa kubana matumizi. Tofali zile ukizishusha garini zinabaki nusu, nusu nyingine ni mchanga. Nilipomwambia anitumie picha ya tofali zote, alinitumia picha mbili za malundo mawili. Nilizitazama mpaka saa saba za usiku. Katika picha zote mbili palikuwa na ndoo ya bluu iliyokatika mpini. Lundo lilikuwa moja, kalizunguka! Nikampigia. Unajua alinijibu nini? "Shemeji, mambo haya ngoja nitaongea na mwenyewe akipatikana."

Mnaona? Nilimkamata mwizi kwa ushahidi, lakini kwake mimi si mtu wa kuibiwa. Anayeibiwa yuko porini.

Nilimfukuza. Nikatafuta mwingine, naye nikamjulisha mapema kwamba ringi za lenta nitazihesabu mwenyewe kabla ya zege kumwagwa, na pengo kati ya ringi na ringi ninalijua. Huyo alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniita mama, akafanya kazi.

Sasa sikia ya siku ya kuhama. Lori lilibeba kitanda, kabati, majiko, na sisi watatu. Dereva alipitia Chalinze, kwa hiyo Morogoro ilikuwa njiani. Nilimwomba, nikambembeleza, nikamlipia chakula, akakubali kuingia na mimi mtaani nusu saa. Tulifika saa nne usiku. Lenta ilikuwa imemwagwa juzi yake. Nikapanda kwenye jukwaa la mafundi na tochi mdomoni, nikaigusa zege: kavu, imepauka kama mguu wa mtoto asiyepakwa mafuta. Hapakuwa na mtu aliyeimwagilia. Kijana wa watu alikuwa ameugua malaria, na msaidizi wake alikuwa amekwenda zake.

Zege mbichi isiyonyweshwa maji siku zile za kwanza inapasuka, nayo lenta ndiyo inayobeba kila kitu kilicho juu ya mlango na dirisha. Nikaomba ndoo kwa jirani. Nilichota kisimani kwake, nikapanda, nikamwaga, nikashuka, nikachota tena. Watoto walikuwa wamelala juu ya magodoro ndani ya lori. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, nikajifanya sisikii. Jirani yule mzee alitoka na shuka begani, akanitazama kwa huruma kabisa, akauliza: "Mama, mwenyewe yuko wapi, mpaka wewe unanyeshea zege usiku huu?"

Nililia barabara nzima mpaka Mikumi. Sikulia kwa uchovu. Nililia kwa sababu yule mzee aliniona kwa macho yake, ndoo mkononi, maji yananitiririka kwenye kiwiko, na bado akamtafuta mwenyewe kwingine.

Wapo watakaosema, lo, huyu dada naye, neno tu hilo, waswahili ndivyo tunavyosema. Sawa. Ngoja niwaonyeshe jinsi neno linavyokula ardhi.

Miezi mitatu baada ya hapo, kijana wangu wa ujenzi alinipigia: jirani wa upande wa pili ameng'oa alama ya mpaka, amejenga uzio hatua mbili ndani ya kiwanja. Nikapanda basi kutoka kusini, siku nzima barabarani, mtoto mgongoni. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya mkataba wa mauziano. Aliusoma taratibu. Akasema: "Mama, hapa pana jina la mumeo. Pana jina la shahidi, shemeji yako. Jina lako halipo. Wewe kwenye shauri hili ni nani? Mwite mwenyewe."

Nikamwambia yuko mazoezini, hapatikani. Akasema basi shauri lingoje.

Mimi ninayejua kila tofali ya nyumba ile! Ninayejua kwamba kona ya mashariki kuna jiwe lililokataa kuchimbika tukalizungushia msingi! Nilingoja. Mwishowe alikuja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kutoka Tanga. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini hajawahi kubeba hata karai moja la zege pale. Alifika, akaonyesha kitambulisho, akasikilizwa ndani ya dakika kumi. Kwa nini? Kwa sababu sahihi yake iko kwenye karatasi. Alishuhudia kwa dakika mbili kununuliwa kwa ardhi, na dakika zile mbili zikawa nzito kuliko mwaka wangu mzima.

Ndipo nikaanza kusoma sheria. Nawaambia wake wenzangu wa askari niliyoyaona, na yanatuhusu sisi kuliko wanawake wengine wote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Vizuri sana. Lakini sheria hiyo hiyo inapoeleza nyumba ya ndoa ni ipi, inasema ni ile ambamo mume na mke wanakaa pamoja kwa kawaida. Sasa hebu niambie, askari na mkewe wanakaa pamoja kwa kawaida wapi? Kota! Nyumba ya serikali, ambayo hakuna awezaye kuiuza hata akitaka. Ile ya Morogoro hatujalala hata usiku mmoja. Kinga ile imewekwa kwenye mlango tusioumiliki, na mlango wetu umebaki wazi.

Kifungu cha 60 nacho kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa. Someni tena. Jina moja la ziada kwenye karatasi, wino wa senti, ndilo linaloamua nani akae kimya na nani apande kizimbani kuthibitisha.

Ni kweli, haki ya anayechangia kwa jasho ipo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe Bi Hawa hakuambulia sehemu ya nyumba. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja, lakini mwenzake ameitunza na kuiendeleza kwa nguvu zake, naye anahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Haya, haki ipo. Lakini ni haki ya kwenda kuithibitisha.

Nilipofika hapo nikafungua bahasha yangu ya risiti ili nijione nina ushahidi kiasi gani. Wenzangu, nilikaa chini. Risiti za saruji, za nondo, za mbao, za bati, zote zina jina la Baba Neema. Nani aliyalitaja jina hilo dukani? Mimi! Kila walipouliza "niandike jina la nani?" nilijibu jina la mume wangu, kwa heshima, kwa mazoea, kwa kuona aibu kujitaja. Mwaka mzima nilikuwa najenga nyumba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili najifuta.

Kwa hiyo hasira hii si ya fundi peke yake, wala ya mwenyekiti. Ya kwangu mwenyewe ndiyo ya kwanza.

Sasa nijibu wanaojiandaa kunijibu. Atakuja wa kwanza: mshahara ni wa nani? Ni wake, na nashukuru. Mshahara ulinunua saruji. Lakini saruji haina miguu, haijichanganyi, haijimwagilii usiku wakati dereva anapiga honi. Mfuko wa saruji uliokaa bila mtu wa kuuangalia unaganda ukawa jiwe. Mnaohesabu fedha iliyoingia, hesabuni na fedha ambayo haikuibiwa kwa sababu mtu fulani alitazama picha ya ndoo mpaka saa saba za usiku.

Atakuja wa pili: mke anayedai jina anamchuria mumewe kifo, au ana njama ya kuachika. Huyu namjibu bila kupepesa. Askari mwenyewe alikula kiapo akijua anaweza kufa. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017, kule Semuliki, Kivu Kaskazini, wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja, wakilinda amani ya watu wengine. Hao walikuwa waume wa watu. Taifa liliwaaga kwa heshima, na ilistahili. Lakini heshima za mazishi zikiisha, wajane wa nchi hii wanajua kinachofuata: kikao cha ukoo. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamnyima mjane sehemu ya urithi ikiwa ndugu wa ukoo wa mume wapo. Eti fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania, katika shauri la wajane wawili, kwamba kanuni hizo zinavunja haki zao. Sasa nani anachuria? Anayetaja mvua, au anayekataa kuezeka kwa sababu leo jua linawaka?

Atakuja wa tatu, na huyu ndiye ananiudhi kupita wote, kwa sababu anakuja na maua. Atasema: wake wa askari ni majasiri, ni nguzo, ni wanajeshi wasio na sare. Asante. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao mnarani, na machozi hunitoka mimi kama yanavyokutoka wewe. Lakini sifa ni mali rahisi kuliko zote kutoa. Haina kodi, haina sahihi, haikatiwi hati. Ukiona watu wanakusifu sana kwa kazi fulani, chunguza kama hawajaamua kutokulipa. Mimi sitaki kuitwa nguzo. Nguzo inabeba nyumba, lakini haijawahi kumiliki nyumba.

Na msinielewe kwamba ni vita vya wanawake na wanaume. Wapo wanawake wanajeshi, na wapo waume wanaobaki nyuma na watoto na boma. Wao nao wakiulizwa "mwenyewe yuko wapi" waandike makala, nitaisoma. Ninachosema ni kwamba jeshi likihamisha mmoja, kazi ya wawili inamwangukia aliyebaki. Basi jina lake lifuate kazi yake.

Ninyi askari, hili liko mikononi mwenu kabla hamjapanda gari. Mkataba wa kiwanja uandikwe majina mawili. Ukishaandikwa jina moja, urudieni mbele ya mashahidi wale wale, na ombi la hati liende kwa majina mawili. Tena ni kwa faida yenu: uzio wa jirani yangu ungeng'oka siku ile ile, kama mwenyekiti angeliona jina langu. Mnamwachia mke bunduki bila risasi, halafu mnashangaa ngome imeingiliwa.

Ninyi wenyeviti wa mitaa, mnajua fika nani anashinda pale kwenye tope. Mkisikia askari kahama, msimtume mke kumwita hewani. Msikilizeni, andikeni alichosema, linda mpaka mpaka mwenzake apatikane.

Na sisi wenyewe, dada zangu wa kota, tuache aibu ya kujitaja. Risiti iandikwe jina lako. Fedha ya fundi ipite kwenye simu yako, ujumbe usiufute. Daftari liwe na tarehe: leo mchanga lori moja, leo fundi kalipwa, leo nimemwagilia mwenyewe. Usisubiri ugomvi ndipo uanze kukumbuka.

Baba Neema alikuja likizo mwezi uliopita. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa vidole, akatazama kenchi na bati, akasema, "Mama Neema, umefanya kazi." Nikafurahi, sitasema uongo, nilifurahi kama mtoto. Jioni nikamwekea mezani mkataba mpya wenye majina mawili. Akausoma. Akauliza, "Kwani unadhani nitakufa?" Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyekula kiapo, si mimi." Akanyamaza. Siku ya kuondoka akasema tutalizungumza akirudi.

Basi, Baba Neema, najua gazeti hili litakufikia huko, kwa maana mimi ndiye nitakayelituma. Karatasi iko kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati, chini ya redio. Mashahidi wale wale wamekubali kuja, nauli ya mdogo wako kutoka Tanga nimeshaiweka. Kilichobaki ni sahihi yako.

Na wewe muuza nondo, juzi nilipokuja kuchukua bawaba za milango uliniuliza tena. Nilikuwa na haraka, sikukujibu. Mwenyewe ndiye yule aliyekuwa amesimama mbele yako, anahesabu chenji.